Kuchagua picha za mwisho: shajara ya mradi wa waanika dagaa, Igombe hadi Kayenze

Jumatatu

Upigaji umekwisha. Kamera imerudi kabatini, kilichobaki ni kuchagua. Kwa anayeanza kusoma leo: mradi unahusu wanawake wanaoanika dagaa kwenye mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, ya Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Igombe kwenda Kayenze, na watu wanaowazunguka, yaani wavuvi, wabebaji, wenye mitumbwi, na wafanyabiashara wa Mwaloni Kirumba ambao magunia yao huvuka hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Tumepanga picha za kitabu na maonyesho zisizidi 40. Nitachagua pamoja na dada aliyeshika upande wa sauti na mahojiano tangu mwanzo. Yeye ni mzaliwa wa Ukerewe na mama yake aliwahi kuanika, kwa hiyo anaona mambo ambayo mimi wa mjini nayapita.

Duru ya kwanza nimeimaliza peke yangu kwenye kompyuta. Nimetoa zilizotikisika, zilizojirudia, na zile ambazo mtu kafumba macho. Zimebaki mia mbili na ushee, na kila moja ina sababu ya kubaki.

Duru ya pili hatutaifanya kwenye kioo. Kioo kinaipa nguvu picha yenye jua la jioni na rangi kali, na ile iliyotulia inapitwa hata kama ndiyo yenye habari. Nimepeleka faili zote studio moja ya mjini wazisafishe kwa ukubwa wa postikadi, karatasi ya kawaida. Picha ya karatasi unaishika, unaiweka kando ya nyingine, na zaidi ya yote unaweza kumkabidhi mtu mwingine ukanyamaza.

Jumatano

Tumetoa viti sebuleni na kutandaza picha sakafuni. Kabla hatujafika kwenye ipi nzuri na ipi si nzuri, kulikuwa na swali la zifuatane vipi. Njia iliyozoeleka ni ya asubuhi hadi usiku: mitumbwi inarudi alfajiri, dagaa wanashushwa kwa ndoo, wanaanikwa, wanageuzwa, wanaanuliwa, kisha giza linaingia na taa zinawashwa ziwani. Msomaji hapotei humo. Nikaanza kuzipanga hivyo, dada akaniuliza:

"Na hizi za nyavu utaziweka saa ngapi?"

Alikuwa ameshika picha za wanaume wanaoshona nyavu chini ya mwembe, vichanja vitupu, wanawake wanaosukana nywele mchana kutwa. Hizo hazina saa, zina mwezi. Dagaa wa ziwa hili wanavuliwa usiku kwa taa. Mwanga unawakusanya, nyavu inapita chini yao. Mwezi ukipevuka, ziwa zima linakuwa jeupe na taa inakosa nguvu ya kuwavuta, hivyo mitumbwi mingi inapandishwa ufukweni na watu wanapumzika. Baada ya hapo mwezi unaanza kuchelewa kuchomoza, karibu dakika 50 zaidi kila usiku, na wavuvi wanaingia ziwani katika ule muda wa giza kabla haujatoka. Giza linarefuka, mzigo unaongezeka, mwalo unafurika. Hiyo ndiyo kalenda ya watu wetu. Ada ya mtoto, deni la dukani, kodi ya chumba, vyote vinapangwa kwa giza. Kwenye rekodi za dada wamo watu kadhaa, hawafahamiani wote, wanaosema kitu kilekile: giza hili likikaa vizuri nitalipa.

Kwa hiyo picha zitafuata mwezi. Tutaanza na mbalamwezi, mwalo umetulia, na kusonga mpaka giza totoro ambapo hakuna anayelala. Badiliko hili limepindua sakafu nzima. Picha ya mama anayekaza misumari kwenye nguzo ya kichanja, ambayo nilikuwa nimeiweka pembeni kwa kuwa haina jambo linalotokea, sasa iko miongoni mwa tatu za kwanza. Anajiandaa, na mtazamaji atajua anajiandaa kwa nini kurasa kumi mbele.

Picha za machweo zimepungua mpaka moja. Ninazipenda, lakini nyingi zilikuwa zinasema kwamba Mwanza ina ziwa zuri na mawe mazuri, jambo ambalo kila mtu aliyewahi kusimama karibu na Jiwe la Bismarck analijua.

Ijumaa

Leo tumeamua kuhusu rangi. Rafiki yetu mmoja mwenye jicho zuri alishauri tuweke zote nyeusi na nyeupe, zipate umoja, maana zimepigwa kwa misimu tofauti na mwanga wake haulingani. Tulijaribu kwa picha chache, na kweli zilipendeza. Nilizikataa kwa sababu moja inayotosha: dagaa anahukumiwa kwa rangi. Aliyekauka kwa jua zuri anabaki na mng'ao wa fedha. Aliyenyeshewa akiwa juu ya kichanja anageuka njano, kisha kahawia, na mwisho anauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Tuna picha mbili za kichanja kilekile, moja ya kiangazi na nyingine ya masika. Kwa nyeusi na nyeupe zinafanana kabisa. Kwa rangi, mtu yeyote wa mwaloni ataona hasara kabla hajasoma maelezo.

La taa lilikuwa gumu zaidi. Picha za usiku zina taa za aina mbili. Kuna mitumbwi michache yenye karabai, mwanga wa njano wa mafuta ya taa, na kuna iliyo mingi yenye taa za betri zinazochajiwa kwa sola, mwanga mweupe wenye ubuluu. Zikikaa pamoja zinagombana. Programu inaweza kuupasha moto mwanga wa sola mpaka ufanane na karabai, kwa kuvuta kitufe kimoja tu. Sitaki. Ule ubuluu ni habari: kuna mtu alinunua betri, akaacha kununua mafuta ya taa kila jioni, na hesabu ya safari yake ikabadilika. Zitabaki kama zilivyo, ila tutaziweka mbali kidogo, karabai kwanza.

Kanuni tuliyoandika ukutani: tunasahihisha mwanga na giza, tunanyoosha upeo wa ziwa, tunakata pembeni pale tu ambapo hatubadilishi maana. Hatufuti kitu wala kuongeza kitu.

Jumapili, Igombe

Siku niliyoisubiri. Tumekwenda na bahasha ya picha 90 tulizobakisha. Tulitandika mkeka kivulini, karibu na vichanja, dagaa wakiwa juani, maana huo ndio wakati wenye nafasi: wameshaanikwa, bado kugeuzwa.

"Shikamooni."

"Marahaba, wanangu. Mmetuletea sura zetu?"

Utaratibu ulikuwa wa mabeseni matatu: zibaki, zitoke, zenye ubishi. Mimi na dada tulikubaliana kutoeleza picha yoyote mpaka tuulizwe. Mwanzoni kila mtu alijitafuta mwenyewe, akacheka, akamwonyesha mwenzake. Baada ya hapo kazi ikaanza kweli.

Kulikuwa na picha mbili zilizofuatana, za mama mmoja mtu mzima aliyeinama juu ya kichanja, mikono yote miwili ndani ya dagaa. Katika ya kwanza ameinua uso na kutazama kamera, macho yamepata mwanga, kitenge kimekaa vizuri begani. Katika ya pili ameshageuza kichwa, uso uko nusu kivulini, na kidole kimoja kimesimama juu ya dagaa kama kimesahauliwa pale. Mimi nilileta zote mbili nikiamini ya kwanza itashinda. Mwenyewe alizishika, moja mkono huu na nyingine mkono ule, akazitazama kwa muda.

"Hii ninakuangalia wewe," akasema. "Hii ninaangalia mvua."

Akaiweka ya pili kwenye beseni la zibaki, ya kwanza akaomba aende nayo nyumbani. Nikaitazama tena ile ya pili. Kule nyuma ya bega lake, juu ya maji, kuna wingu jeusi limeanza kujipanga. Kidole kimesimama kwa sababu anapima: ageuze au aanue? Ukianua mapema dagaa hawajakauka, ukichelewa wameloa. Uamuzi wa siku nzima umo katika kidole kile. Picha hiyo sasa iko katikati kabisa ya mfululizo, ukurasa wa peke yake.

Nyingi zilipita bila maneno. Picha ya wadudu wa ziwani waliopanda juu ya maji kama moshi wa moto mkubwa ilipita kwa sauti moja, kwa kuwa kila aliyekuwepo alikuwa na kisa cha siku ile. Ya yangeyange kwenye vichanja ilikataliwa kwa hasira, wala si hasira ya kutania: ndege wale ni wezi. Nikaitoa. Ya wabebaji wenye ndoo kichwani, maji yakiwafika kiunoni, ilikwenda kwenye ubishi kwa muda mfupi kwa sababu kijana mmoja hakupenda jinsi tumbo lake linavyoonekana, na tukapata nyingine ya dakika ileile aliyoiridhia.

Kisha ikaja picha ya mchanga.

Ni picha niliyoipiga asubuhi na mapema, jua likiwa chini, dagaa wametandazwa mchangani mpaka mwisho wa jicho, wanang'aa, na mwanamke mmoja mdogo kule mbali na fagio lake. Kila mtu wa mjini aliyeiona alisema ndiyo iwe jalada. Mama mwenye vichanja vinne aliichukua na kuitupa moja kwa moja kwenye beseni la zitoke.

"Mnunuzi wa Kongo akiiona hii atasema dagaa wa Igombe wote wana mchanga. Atatushushia bei sote."

Ana hoja. Dagaa wa mchangani wanasagika mchanga mdomoni, na mnunuzi anajua. Kuna madaraja matatu hapa: wa mchangani, wa kwenye majabali ambayo Mwanza tumejaliwa nayo na ambayo yakifagiliwa yanakausha vizuri, na wa kichanjani, ambao upepo unawapitia chini na juu. Bei inapanda kwa utaratibu huohuo. Wanawake hawa wamefundishwa na kuhimizwa waache mchanga, na waliofanikiwa kuuacha hawataki kurudishwa huko na picha.

Nikadhani limekwisha. Mwanamke mwingine, mdogo kwa umri, aliyekuwa kimya tangu tufike, akainuka akaitoa picha kwenye beseni.

"Nguzo na wavu wa kichanja nitanunuliwa na nani? Mimi ninaanika hapo. Ukiitoa hii, kaka, mimi sikuwepo."

Wakaanza kurushiana maneno, baadhi kwa Kisukuma ambacho dada alikifuata vizuri kuliko mimi. Halikuwa la picha tena. Lilikuwa la nani alipata nafasi kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, nani alipewa eneo la kujenga kichanja karibu na maji, nani alifika mwaloni juzi. Sikuingilia. Jua lilipoanza kulala wakaenda kuanua, na picha ya mchanga ikabaki peke yake katika beseni la ubishi.

Njiani kurudi mjini dada aliniuliza: kwenye maandishi ya maonyesho tumeandika kwamba picha zimechaguliwa na jamii ya Igombe. Jamii hiyo ni yupi kati ya wale wawili?

Jumatatu

Sentensi ile nimeifuta. Badala yake tutaandika kwamba picha zilijadiliwa na waanikaji, na kwamba uamuzi wa mwisho ni wetu sisi wawili. Ndivyo ilivyo, na lawama ikija ijue pa kufikia.

Leo tumetoa mbili bila kujali uzuri wake. Moja ni ya vijana watatu wanaovuta mtumbwi nchi kavu, misuli imetuna, maji yanaruka. Nyuma yao, kwenye uzio, imeanikwa nyavu ya kokoro. Kokoro ni haramu, inakokota mpaka mayai na vifaranga vya samaki, na sina hamu ya kuitetea. Lakini sikwenda mwalo ule, ambao siutaji, nikiwa mkaguzi. Watu walinipokea, wakanipa chai. Kuikata nyavu nje ya picha ilikuwa inawezekana, ila kungekuwa ni kuficha kwa makusudi kilichokuwepo, na kanuni iko ukutani. Tukachukua picha nyingine ya mtumbwi, siku nyingine.

Ya pili ni ya mtoto anayeokota dagaa waliodondoka. Ni picha yenye nguvu, na nguvu yake yote inatokana na mtazamaji kumwonea huruma. Mama yake alikuwa hatua tano kutoka pale, nje ya fremu, na mtoto alikuwa akimwokotea kuku wake. Atakayeiona bila kujua hayo atatunga hadithi nyingine, na mtoto yule ataishi nayo.

Watu wa hapa wana sababu ya kuogopa hadithi za namna hiyo. Mwaka 2006 watu waliandamana jijini kupinga filamu ya mgeni iliyoonyesha mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani baada ya minofu kuondolewa, na Rais Kikwete mwenyewe aliizungumzia kwa ukali. Kila mtu ana maoni yake juu ya filamu ile. Ninachokijua ni kwamba hadi leo mtu akitoa kamera mwaloni, kuna mzee atauliza kama umekuja kwa ajili ya mapanki. Niliulizwa mara ya kwanza nilipofika Igombe, na nilikubali kuulizwa.

Alhamisi

Picha ya mchanga. Nimepitia upya zote nilizopiga asubuhi ile na asubuhi nyingine za mchangani, zikiwemo nilizozitoa duru ya kwanza. Nikapata moja ambayo nilikuwa nimeiacha kwa sababu haina upeo wala ziwa. Mwanamke amesimama na ungo. Dagaa wako hewani, kiganja kimoja juu ya ungo, na chini yake mchanga unamwagika kwa mstari mwembamba ulioshikwa na jua. Vidole vyake vimepauka kwa magamba. Usoni ana umakini wa mtu anayehesabu.

Katika ile ya kwanza mchanga ulikuwa zulia la kupendeza. Hapa mchanga ni kazi, na kazi hiyo ina mtu. Nimeichagua hii, na ile iliyotakiwa kuwa jalada imetoka kabisa.

Dada aliwapelekea wote wawili waione. Yule mdogo alisema hapo sawa. Mwenye vichanja alisema bado ina mchanga. Nimeusikia wasiwasi wake, na ninauheshimu, kwa kuwa biashara ni yake na jina la mwalo ni lake pia. Picha inabaki, lakini tumefanya mambo mawili. Kwanza, itatazamana na picha ya kichanja chake yeye, wavu umekazwa, dagaa wamepangwa safu nyembamba, zote mbili kwa ukubwa uleule. Pili, maelezo hayatanyamaza. Nimeyaandika na kuyafuta mpaka yakabaki hivi:

*Dagaa wakipepetwa baada ya kukaushwa mchangani, Igombe. Asiye na kichanja huanika chini, kisha hutoa mchanga kwa ungo kabla mnunuzi hajapima. Kichanja kinahitaji nguzo, mabanzi na wavu, na nafasi ya kukijenga.*

Hilo la nafasi ndilo walilokuwa wanagombania Jumapili. Lilistahili kuingia.

Jumamosi

Orodha imefungwa: picha 38. Tulibakiwa na nafasi mbili na kuna zilizokuwa zikibisha hodi, lakini kila tuliyoijaribu ilirudia jambo lililokwisha kusemwa.

Majina yamechukua muda mwingi kuliko nilivyotarajia, na ulistahili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa, na fomu tulizisaini zamani, lakini fomu ilisainiwa kabla mtu hajaiona picha yenyewe. Kwa hiyo dada amepita tena kwa kila anayetambulika, picha mkononi. Wengine wanataka majina yote matatu. Wengine wanataka waitwe mama fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza, kama wanavyoitwa mwaloni. Wawili hawataki jina kabisa, na mmoja wao hakutoa sababu. Hatukumwuliza.

Maonyesho ya kwanza yatafanyika Igombe kabla ya mjini. Tutachapa kwenye turubai la mabango lenye matundu ya kamba pembeni, kwa sababu karatasi haitahimili upepo wa ziwa, na tutazifunga kwenye nguzo za vichanja. Hilo linawezekana siku za mbalamwezi peke yake, vichanja vikiwa vitupu na watu wakiwa nchi kavu, kwa hiyo tarehe tumeipanga kwa mwezi. Mwenye vichanja vinne amekubali tutumie vya kwake. Sharti lake ni kwamba ile ya ungo ifungwe kwa jirani.

Faili zinakwenda kwa mchapaji Jumatatu. Nimemwomba achape kwanza moja ya karabai na moja ya taa ya sola, nizione juani kabla hajaendelea na nyingine.